Kitovu cha Samsoni Chini ya Misonobari

Buffalo, Aprili 2015

Kwako Dada Winifrida,

Shikamoo dada. Shemeji na watoto hawajambo huko Beechmont? Nasikia kwenu Louisville miti imeshachanua. Huku theluji ndiyo kwanza inaondoka. Mwili wangu mzima, chakula kinapita. Moyo ndio umevunjika. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu sauti hunikatika.

Umeniuliza kwa nini Mama Samsoni hajarudi tangu Februari, homa ya mapafu ilipomchukua mtoto tukamzika Columbus. Hatujagombana. Tulimzika kule kwa sababu mama yake mdogo, Leya, yuko kule na kanisa lake lilitubeba. Huku tuna nini zaidi ya vyumba vya kupanga ghorofani, East Side? Mimi nikarudi kazini, yeye akabaki karibu na kaburi. Juzi alinipigia akasema kama udongo wa huku umeshakichukua kitovu cha Samsoni, basi mtoto ana kwao huku, naye atarudi tuanze upya. Kama bado, nimpelekee akizike pale kaburini, naye hataondoka Columbus.

Unajua kwetu Bukoba kitovu kinazikwa migombani, mvua zikinyesha kidogo tu hukioni tena. Hapa mgomba nautoa wapi? Kilipodondoka, Novemba, nilikifunga kwenye kipande cha kanga nikakipeleka kwenye msitu wa misonobari nje ya Kenmore, ninakofanya utafiti wangu wa chuo. Nilikifukia chini ya majani makavu, kwenye kiwanja changu mwenyewe, ili nisipasahau.

Sasa sikia kazi yenyewe. Theluji nene ni blanketi. Chini yake kuvu na vijidudu huendelea kula majani polepole wakati wote wa baridi. Sisi tuna viwanja ambavyo theluji tunaiondoa kwa koleo, tuone baridi ikiigusa ardhi itakuwaje. Ardhi inakuwa ngumu kama jiwe, walaji wengi wanakufa, na majani ya msonobari, ambayo hata kiangazi hayana haraka ya kuoza, yanabaki kama yalivyoanguka. Na mimi, msomi wenu, kitovu cha mwanangu nilikiweka kwenye kiwanja cha koleo. Kila theluji ilipoanguka niliiondoa mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda. Kanga ilikuwa imepauka kidogo tu. Ndani kilikuwa kizima, kikavu, kama siku ile kilipobaki mkononi mwa mama yake.

Hili sijamwambia mtu. Ningeweza kukirudisha, nikampigia mke wangu kumwambia kimeshaoza, arudi. Nani angejua? Lakini dada, nilipokiona hakijaoza, nilifurahi. Nilikaa kwenye majani yaliyolowa nimekishika, nikacheka, nikalia, kwa sababu nilidhani sina tena cha kumshika mwanangu. Nikaona siwezi kumnyima mama yake kitu kama kile. Nikampigia palepale, nikamwambia ukweli. Akasema nikilete, nisichelewe. Hakusema nibaki naye kule.

Alhamisi napanda basi la Columbus.

Nisalimie shemeji, na mwanao Florida mwambie mjomba anamkumbuka. Na ninyi nyote, mkinipigia simu, msiniite tena Bernard kwa kunihurumia. Niiteni kama mlivyokuwa mkiniita tangu Novemba.

Mdogo wako akupendaye,

Baba Samsoni