Mkono Ulioandika Hewani

Mwalimu Chilumba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako ile ya kukwaruza, ya mtu aliyemeza vumbi la chaki maisha yake yote. Ni mimi Hadija, mwanafunzi wako wa Mtama uliyemfundisha kusoma na kuandika, na sasa mwenyewe nafundisha Darasa la Kwanza huku Songo Mnara. Ulipofariki bahari ilikuwa imechafuka, hakuna boti iliyotoka kisiwani, na mazishi yako yakanipita. Hilo bado linaniuma. Nilifika kwenye arobaini tu, nikakaa jikoni na mkeo, Mama Anjela, tukipepeta mchele wa wageni. Aliloniambia siku ile ndilo linalonifanya nikuandikie.

Lakini kwanza nikupe habari za darasa, maana najua ungeziuliza kabla ya afya yangu.

Watoto ni wengi na madawati ni machache, hilo halijabadilika. Irabu wamezishika. Tunaumba herufi kama ulivyotufundisha: kwanza hewani, halafu mchangani, mwisho daftarini. Hewani ndipo panapowafurahisha, mikono yote juu na kelele juu yake. Unakumbuka ulivyokuwa unasimama mbele, umetugeukia, unaumba herufi kwa mkono wa kushoto? Ulituambia ni kwa faida yetu, kwamba sisi tunaokutazama tuone kulia, kama mtu na kioo. Tukakuamini. Na herufi zako za hewani zilikuwa nzuri, Mwalimu, zimekunjika kwa utaratibu, huna haraka. Kisha unageukia ubaoni, unashika chaki kwa kulia, na hapo mwandiko unakuwa kama kuku kapita. Tulikucheka waziwazi na mimi ndiye niliyekuwa kinara. Hata nilipokuwa chuo cha ualimu nilikupigia simu kukuambia kwamba wakufunzi wangu wangeuona ubao wako wangekurudisha la kwanza. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Sasa, mwaka huu nina mtoto anaitwa Somoe. Analelewa na bibi yake, Bi Mwajuma, mama mmoja wa heshima zake hapa kijijini. Wiki za mwanzo Somoe alikuwa moto wa kuotea mbali. Penseli mkono wa kushoto, kama mimi, na herufi zimekaa juu ya mstari. Halafu asubuhi moja akaja mkono umefungwa kitambaa, vidole vyote ndani. Nikadhani ameungua. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Bibi kasema huu wa chooni."

Tangu siku hiyo hakuandika kitu. Alijaribu kwa kulia, penseli ikamponyoka, akaiacha palepale chini. Baadaye akaacha hata kusoma kwa sauti, na mwisho akawa haji shule kila siku. Mwalimu mkuu akaniambia nimhesabu na watakaorudia darasa, na nisithubutu kwenda kubishana na watu nyumbani kwao. Mimi ni mgeni, akasema, nitahamishwa na ugomvi utabaki kwao. Nami nilikuwa nimechoka, nikaona labda ana haki.

Hali ikiwa hivyo ndipo nikaja Mtama kwenye arobaini yako. Nikamsimulia Mama Anjela habari za Somoe, na katika kusimulia nikaugusia mwandiko wako, nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaweka ungo chini.

"Mwenzio alikuwa wa kushoto," akasema. "Babu yake alimfunga ule mkono kwa kamba ya mkonge, analala nao hivyohivyo, mpaka ukaogopa."

Akaniambia mihogo ulimenya kwa kushoto na misumari ulipigilia kwa kushoto. Ila ukishika kalamu au chaki kwa mkono huo, ulitetemeka, mpaka uzeeni. Hewani tu ndiko ulikoweza, kwa sababu hewani hakuna kalamu.

Nilikukasirikia, Mwalimu. Bado nimekukasirikia. Miaka yote hiyo nakutania na wewe unacheka! Ungeniambia. Mimi wa kushoto mwenzio, ungemwambia nani mwingine?

Na pale pale jikoni nikamkumbuka baba yangu alivyokuja shuleni na fimbo kwa ajili ya mkono wangu huu. Ulimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha ukamwambia, "Mzee, kula ale kwa kulia, salamu atoe kwa kulia. Kalamu niachie mimi." Baba aliondoka ananung'unika, lakini aliondoka. Siku ile niliona tu mwalimu mpole. Sikujua nilichokuwa nakiona. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia kwa habari ya kifo chako.

Niliporudi kisiwani nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwajuma. Nilimkuta anasuka ukili wa mkeka barazani. Akanikaribisha chai, nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikamweleza kilichonileta.

"Mtoto wa kike huyu, mwanangu," akasema. "Kesho ampelekee mkwewe maji kwa mkono wa chooni?"

Nikamwambia maji atampelekea kwa kulia, na kula atakula kwa kulia. Kalamu niachie mimi, bibi. Nikaokota kijiti, nikaandika jina la Somoe mchangani kwa kushoto. Akakitazama kile kikombe nilichokuwa nimekipokea kwa adabu, akanitazama mimi. Nikamsimulia habari zako zote, na kamba ya mkonge. Vidole vyake vikasimama kwenye ukili.

"Sijakubali," akasema. "Nitakuja nione."

Na kweli asubuhi yake akaja na Somoe, akasimama mlangoni mwa darasa, kitambaa amekishika mwenyewe. Nikasema mikono juu. Somoe akanyanyua wa kulia, ukabaki unaning'inia, haujui uelekee wapi. Akamgeukia bibi yake. Bi Mwajuma akatazama nje, akajishughulisha kuifunga kanga yake, ambayo ilikuwa imefungwa vizuri tu. Ndipo Somoe akashusha mkono ule akanyanyua mwingine. Akaumba m, Mwalimu, na vilima vyake vyote. Nikawaambia watoto chaki imeniingia machoni.

Mpaka leo Bi Mwajuma hajatamka kwamba amekubali. Ila Somoe anakuja kila siku, anasoma maneno mafupi, na lile suala la kurudia darasa halisemwi tena. Kitambaa nilikiona juzi, kimefunika chungu.

Nakuahidi hivi. Madhali nashika chaki, sitanyamaza mkono wa mtoto ukifungwa. Nitakunywa chai kwenye kila baraza ya kisiwa hiki kama ndiyo dawa yake. Na hadithi yako ya kioo sitawaambia watoto. Nitawaambia kulikuwa na mwalimu aliyeumba herufi kwa kushoto kwa sababu huo ndio uliokuwa mkono wake.

Pumzika, Mwalimu wangu. Kesho tunaanza cha, che, chi, cho, chu, na baada ya hapo jina lako wataliweza. Tutaliandika kwanza hewani.

Mwanao,
Hadija