Kofia Yetu Imekataa Kukaa

Jumamosi, Chake. Mawingu tokea asubuhi, kila mwenye karafuu jamvini anatizama juu. Mie roho yangu kweupe, na mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Leo nimekwenda tamasha la sanaa, kule majumba ya kale. Wamepaka chokaa, wametundika mapicha ya kuchora, wageni wanapiga picha hata makomeo ya milango. Mie macho yangu kwenye ngazi za jumba moja tu. Jumba lile baada ya Mapinduzi walipewa watu wakae, sisi juu, kina Raya chini. Ngazi zile ndiko tulikojifunzia kushona kofia, mie na Raya. Yeye duara la juu, mie mzunguko wa pembeni. Sindano ya mmoja ikivunjika tunalia wawili. Jamani, utoto ule!

Sasa nikiri. Miaka sita hatusemezani na Raya, na kosa langu. Posa ya mwanawe ilipovunjika, mie ndo niliyeitangaza sokoni, mama mtu mwenyewe hajajua.

Mdomo huu.

Watu wa tamasha hawana habari. Wakatuagiza kofia moja kama zamani, kila mtu ashone kipande kwake, leo tuje tuunganishe mbele ya wageni. Na kofia hiyo lazima mpimiane, uzi uzungushwe kichwani, mwenzio apelekewe. Nani ampelekee nani? Raya kashona kwake Ole, mie hapa. Kila mtu kapimia kichwa cha mumewe!

Basi tumekaa mkeka mmoja. Vipande vikakutanishwa. Changu kimezidi vidole vitatu! Wageni wote macho kwetu, baibui limenigandia mgongoni kwa jasho.

Raya akakigeuza, akakigeuza tena. Ikisha akasema, "Shoga, mumeo na kichwa hichi mlangoni anapita?"

Shoga!

Nikacheka mpaka machozi, kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Nikamwambia nisamehe. Kakifunga kipande changu kwenye pindo la kanga yake, akanyanyuka.

"Jumatatu njoo Ole tukifumue. Na huo mdomo uuwache Chake."

Jumatatu naenda, tena mapema. Lakini huu mdomo, Mola wangu, nauwacha kwa nani? Tokea nirudi nshawaambia majirani watatu.