Mume Wangu Hanijibu, Nami Najua Ishara Zake

Bi Zuena, shikamoo. Nakuandikia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Mie ni mtunzi wa hadithi, nakaa Chang'ombe na mume wangu Mwinjuma, fundi samani pale Keko, na hadithi zangu nazituma kwenye kundi la wasomaji ambao hunisifu kwamba siandiki "alikasirika" wala "alimchoka mkewe", mie naandika mke anavyoweka sahani mezani bila kumwangalia mtu, au mume anavyogeukia ukuta kabla taa haijazimwa, na msomaji anaelewa mwenyewe. Sasa ujuzi huo umenigeuka, maana tangu Ramadhani iishe naona Mwinjuma ananifanyia yaleyale ninayoyaandika, nikimsemesha kutoka jikoni hajibu, nikikaa kushoto kwake anahama, nikiongea hanitazami machoni, ananitazama mdomo kama mtu anayengoja nimalize aende zake, na wageni wakija anatabasamu tu kisha anatoka kukaa peke yake barazani. Juzi nilimwambia, "Baba, sina raha," naye akajibu, "Nimeshaswali," nikaingia chumbani nikalia. Nimeshatunga wanaume wengi wa namna hiyo na wote walikuwa na mwanamke mwingine. Hatujajaliwa watoto, nyumba imekuwa kimya, redio naiwasha ili nisikie sauti ya mtu. Je, niondoke kabla hajaniacha?

Raudha, Chang'ombe

Marahaba, Raudha. Pole sana. Kukaa na mtu na bado ukawa peke yako kunachosha kuliko kukaa peke yako kweli.

Lakini nitakugombeza. Kwenye hadithi, mkono wa mhusika ni wako. Wewe ndiye uliyeamua kwa nini anageukia ukuta, ndiyo maana msomaji hakosei. Mwinjuma hukumtunga. Mwili wake una sababu zake, na hujamuuliza hata moja.

Soma tena barua yako. Mtu anashinda kando ya mashine za kuranda mbao, hajibu akisemeshwa kutoka chumba kingine, anahama ukikaa kushoto, anafuata mdomo wako, anakimbia maongezi ya wengi, na ukimwambia "raha" yeye anasikia "swala". Mie si daktari, ila kabla ya kumtafuta huyo mwanamke ningeanza na masikio. Mwanaume akianza kutosikia huona aibu, hujifanya amesikia, hutabasamu. Huenda naye ana upweke wake, na hana pa kuusemea.

Usifungashe nguo. Leo akirudi zima redio, kaa mbele yake, mshike mkono, muulize taratibu, "Mume wangu, unanisikia vizuri?" Akikasirika, nyamaza, kesho muulize tena. Kisha mpeleke kwa daktari wa masikio, na uingie naye. Ukikuta kweli kuna mwanamke, niandikie tuongee mengine. Ila ndoa haivunjwi kwa neno ambalo hakuna aliyelisema.