Upande wa Dirisha

Kwako mdogo wangu Kiberiti,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla hujauliza ya kwangu acha niulize ya huko. Mgongo wako unaendeleaje? Bado unaamka umekakamaa kama ubao, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Shemeji naye, na kikohozi chake kinachoanza kila akitumwa dukani? Nasikia binti yako sasa anakaa kaunta peke yake pale studio. Mwambie mjomba wake amefurahi, ila asiwacheke wateja wanaokuja kupiga picha za paspoti wamejipaka poda mpaka shingoni. Wamejitahidi. Mimi nipo, kalamu naishika vizuri.

Uliponipigia simu juzi nilikata haraka nikadai mtandao mbovu. Mtandao ulikuwa mzima. Nilitaka kukuandikia, kwa sababu jambo lenyewe lina maelezo mengi, na nikieleza kwa simu huwa unanikatiza.

Kuna kazi huku mjini inayokuhitaji wewe. Mteja ni mtu mzima wa makamo yangu, ana uvimbe kwenye taya la kushoto. Madaktari wa hospitali kubwa wameamua: Ijumaa ijayo wanaliondoa taya la upande huo, pamoja na sehemu ya shavu na sehemu ya ulimi. Wataziba kwa nyama ya paja. Daktari bingwa, mama mmoja mpole asiyezungusha maneno, alimwambia kwamba akiamka atakuwa hai, Mungu akipenda, lakini uso wake hatautambua, na kusema itabidi ajifunze upya kama mtoto, kama ataweza. Mtu huyu hana picha yake hata moja ya maana. Anataka apigwe kabla ya Ijumaa, kwa kamera kubwa ya mbao, na wala hataki kusikia habari za simu. Anasema simu humpiga mtu akiwa anapita, ila kamera kubwa humpiga mtu akiwa amekaa. Nilimwelewa.

Utauliza kwa nini nisipige mimi niliye huku, na kamera ninayo. Nimejaribu ikashindikana. Nitakueleza huko chini.

Nisikilize basi. Filamu zimo kwenye friji, nyuma ya chupa za maji, boksi lile uliloapa kulitupa. Ndizo pekee tulizobaki nazo, na huku mjini haziuzwi tena. Zimezeeka, na filamu iliyozeeka ni kama mtu aliyeamshwa usingizini, ukimwita mara moja haitiki. Ipe mwanga karibu mara mbili ya kawaida. Zipakie kwenye vikasha vyake hukohuko nyumbani, katika chumba chetu cha giza, maana chumba nilichopanga huku kina mwanga hadi chini ya kitanda. Kila kifuniko weka upande mweupe nje, na ukishapiga geuza upande mweusi, usije ukapiga filamu moja mara mbili. Najua unajua. Nivumilie.

Stendi ya mabasi wameweka mashine ya eksirei ya kukagua mizigo. Hiyo inaua filamu. Mwombe mkaguzi akague kwa mkono, na kwa kuwa atataka kufungua kila kitu, beba kikasha kimoja kitupu na kipande cha filamu iliyoharibika. Mpe hivyo avichezee, afungue na kufunga mpaka achoke. Vile vizima vikae ndani ya sweta, chini kabisa. Mimi hila hiyo ilinisaidia, na mkaguzi wangu aliishia kuniuliza kama ninauza vigae.

Lete pia lenzi ndefu ya baba, kitambaa cheusi, na ile stendi fupi ya miguu mitatu. Mteja hawezi kusimama muda mrefu, kizunguzungu kinamchukua.

Picha itapigwa chumbani kwangu, ghorofa ya tatu. Kuna kitanda cha chuma, kiti cha mbao chenye mgongo wa fito, na dirisha moja linalotazamana na ukuta uliopakwa chokaa. Jua la asubuhi likigonga ukuta ule, mwanga unarudi humu ndani laini, unapakaa kila kitu bila kuumiza. Shida ni mafundi wa chini. Wanatengeneza madirisha ya chuma, na wakianza kugonga, sakafu yote inatetemeka. Kwa filamu ile mlango wa lenzi utakaa wazi sekunde kadhaa, kwa hiyo ngoja waende kunywa chai ya saa nne. Mama mwenye nyumba ameahidi kunipigia kelele kwenye ngazi wakiondoka. Ameuliza mara tatu picha ya nini. Nimemwambia ya kumbukumbu, akaniletea uji.

Kuhusu kumkalisha, wewe fuata utaratibu wa baba, ubaya wa uso hukaa mbali na dirisha. Unamkumbuka yule mama aliyeungua shavu, aliyekuja studio amejifunika kanga mpaka machoni? Baba alimgeuza kidogo tu, kivuli kikafanya kazi yake, na mama wa watu akaitazama picha yake akacheka mpaka akalia. Basi huyu naye mgeuze vivyo hivyo, uvimbe ulale gizani.

Nimemtaja baba, na sasa sina pa kukimbilia.

Unajua mwiko wake: fundi hapigwi picha. Alisema mwenye studio akianza kujipenda kwenye kioo, wateja watakosa wa kuwatazama. Tukaishika tabia hiyo bila kuihoji. Siku tuliyomzika, picha pekee tuliyopata ni ya kitambulisho, tukaikuza mpaka ikawa kama moshi wenye masikio. Wewe ulisimama mbele ya watu ukasema: "Amewapa sura watu wote wa mji huu, yeye kaondoka hana." Shangazi walikuvuta kanga ukae. Nilinyamaza, lakini nilikuwa upande wako.

Kiberiti, mteja ni mimi.

Sikuja huku kupiga picha za jengo la posta la zamani, kama nilivyowaaga. Nilikuja na bahasha ya vipimo kutoka hospitali yetu ya wilaya. Kile kidonda cha jino nilichokuwa nakisukutua kwa maji ya chumvi hakikuwa cha jino. Nilikata simu kwa sababu maneno yangu yameanza kuwa mazito, nawe ungeyasikia. Nimeandika yote haya nikijiita mteja kwa kuwa mteja najua namna ya kumhudumia.

Na nilijaribu kweli kujipiga mwenyewe. Niliweka kamera, nikalenga nikiwa nimesimamisha mto wa kitanda mahali ambapo kichwa changu kingekuwa, nikakaa, nikabonyeza kwa waya mrefu. Nikampelekea filamu fundi mmoja wa hapa mjini ambaye bado huzisafisha kwa mkono. Aliitundika ikauke, akaitazama sana, akaniambia, "Mzee, umekipiga kiti vizuri mno." Ni kweli. Fito za kiti zilionekana mpaka nyufa zake. Mbele yake palikuwa na ukungu wenye kola ya shati. Nilicheka naye, nikalipia, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za duka la watu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea. Mto hauna pua, na mtu hawezi kukaa kwenye kiti na chini ya kitambaa kwa wakati mmoja. Lazima upande wa pili awepo mtu.

Njoo Jumanne, upumzike, tupige Jumatano. Usiniletee machozi kabla ya picha, yatakuzuia kulenga. Baada ya hapo lia utakavyo, tutalia pamoja, mafundi wa chini watatufunika kwa nyundo zao. Nataka ukiwa chini ya kitambaa uniambie yale maneno ya baba kwa sauti yake ya ukali: "Tazama hapa. Usipumue." Nimewaambia watu maneno hayo maisha yangu yote, na sijawahi kuambiwa.

Na yale niliyoandika juu kuhusu kivuli, yafute. Nimeyafikiria tena nikiandika hapa, huku nikijishika shavu. Usinigeuze. Upande wa kulia nabaki nao, utaupiga siku yoyote. Wa kushoto ndio unaondoka. Uweke dirishani.

Nisalimie shemeji, nisalimie binti na kaunta yake, na majirani wote wanaouliza kazi ya posta inaendeleaje. Wajibu kwamba inakamilika Jumatano. Wewe nakusalimia kwa mikono yote miwili.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Maelezo