Kadhi Kaniuliza Mimi

Hamda rafiki yangu, ndoa imebatilishwa. Nimetoka mahakamani sasa hivi na bado siamini.

Ami Suud, aliyeniozesha baada ya baba kufa, alimwambia kadhi kuwa mwenyewe niliridhia. Kadhi akanigeukia: "Bi Tamima, wewe uliulizwa?"

Kaniuliza mimi, Hamda. Mimi.

Nikasema, "Sikuulizwa, na simtaki mume huyu." Akasema bila ya ridhaa yangu hakuna ndoa, niende zangu kwa amani.

Nje ami akanambia nisirudi tena nyumbani Mtoni. Mama akamfuata. Nilimwita, hakugeuka.

Karani kanihurumia, kanipa karatasi na kalamu. Nnakuandikia hapa barazani peke yangu, watu wanapita wananitazama. Naomba nije kwako. Sina kwengine pa kwenda.