Mstari wa Tatu

Dada Mwanaidi mpenzi,

Shikamoo. Huku Stockholm saa tisa mchana giza limeshatanda, na theluji inashuka bila sauti. Jana niliingia maktaba ya Sundbyberg kujipasha moto, nikamkuta mwandishi mmoja, mama Mmarekani mweusi, akiwasomea watu kitabu chake. Alisema amekiandika kwa mwendo wa nyimbo za bluzi alizoimbiwa utotoni: mstari mmoja, unarudiwa, halafu wa tatu unajibu.

Akasoma: "Nani anabisha mlangoni kwangu?" Akarudia. Kisha akanyamaza, anatungoja sisi. Waswidi kimya, kofia mapajani. Nikashindwa kuvumilia. Si unamjua Bibi, akishavua ndala na kuanza kuimba kwenye jiwe la kusagia, asipoitikiwa hununa mpaka kesho? Basi nikaitikia kwa maneno yetu yaleyale ya kumwitikia Bibi: "Fungua, ni mimi, nimetoka mbali."

Mwandishi alifunga kitabu. Watu walipoanza kutoka akanifuata, akanishika mkono. "Asante, mwanangu. Na yule bibi kizee aliyeitikia pamoja nawe, mbona yuko peku kwenye baridi hii?"

Dada, nilikaa safu ya mwisho. Nyuma yangu palikuwa na dirisha tu.

Wapakate watoto kwa niaba yangu. Bibi nilimwacha kitandani, mgonjwa. Kama kuna lolote, usinifiche. Na kama yupo, tafadhali mkande miguu kwa maji ya moto.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura