Tumbo la Mama Mkwe

Jumapili

Kumbe na yeye! Miaka yote mama mkwe amekuwa akinitania kwamba tumbo langu linasokotwa na chipsi za mjini, eti kwao Nzega watu hawaumwi hivyo.

Leo tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani, nikamkuta ameketi kitandani, ameshika tumbo. Asubuhi nzima alikuwa akienda chooni na kurudi.

"Tangu niolewe, mwanangu," alisema. "Mara naharisha, mara sipati choo kabisa. Kule kijijini ningemwambia nani?"

Nikamweleza alichoniambia daktari: utumbo wangu hauna kidonda, ila unashtuka upesi, na watu wa shamba nao wanaugua vilevile, basi tu wengi hunyamaza. Akacheka mpaka machozi. Misa ikatupita, tukabaki barazani tukisimuliana habari za choo kama wasichana wa bweni.

Nampenda mama huyu. Lakini amekonda, na hilo linanitia hofu, maana tumbo langu halijawahi kunikondesha. Kesho nampeleka hospitali, hapo Kitete, akapimwe vizuri. Amekubali, mradi tukae karibu na choo na mwanawe asijue.